Hadidiski ya 1TB Ina Sahani Ngapi? Hii Ndiyo Stori Rivyu Nyingi Hazikuambii Kabla Utoe Doh

Wasee wa Umoja, Kayole, Donholm, Dandora na Buru, hii ni yenu. Kama wewe ni DJ na mixi zako zote ziko mahali pamoja, kama una movie shop na kastoma wanakuja kujaziwa series kila jioni, kama unapiga picha za ruracio na graduation, ama umewekewa kamera za CCTV kwa ploti, basi kazi yako yote inakaa ndani ya kaboksi kadogo kanaitwa hadidiski. Kwa Kiswahili cha darasani ni diski ngumu.

Sasa jiulize. Ukishuka tao uende Luthuli ama Moi Avenue kununua hiyo diski, huwa unauliza nini? Wengi wanauliza maswali mawili tu: "Hii ni TB ngapi?" na "Bei ya mwisho?" Ukijibiwa unalipa na M-Pesa, unapanda mathree, unarudi kitaa.

Manze, hiyo namba ya TB ni kama kuambiwa nyumba ni bedsitter na usiambiwe kama maji huja. Diski mbili za 1TB zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Na kibaya zaidi, ile video uliangalia YouTube kabla ya kununua pengine haikugusa hiyo tofauti hata kidogo. Wacha tukuchanue.

Ndani ya boksi kuna nini?

Ukifungua hadidiski (usifungue yako, vumbi kidogo tu inaimaliza) utapata sahani za duara zinang'aa kama kioo. Zinaweza kuwa moja, mbili, tatu au zaidi, zimepangwa moja juu ya nyingine kwa nguzo moja ya katikati. Juu na chini ya kila sahani kuna kichwa kidogo cha kusoma na kuandika. Kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo ajabu, ndogo mara maelfu kuliko unene wa unywele wako. Ndiyo maana ukiangusha diski ikiwa inazunguka, mara nyingi stori inaishia hapo.

Sahani zinazunguka mbio. Diski nyingi za desktop huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Nyingi za laptopu na zile za kubeba mfukoni huzunguka 5,400, yaani mara 90 kila sekunde.

Sasa, kuna njia mbili za kutengeneza diski ya 1TB. Unaweza kuweka sahani nyingi zenye data kidogo kila moja, ama sahani chache zenye data imesongamana. Tofauti yake ni nini?

Fikiria uko stage. Mathree mbili zinapita mbele yako kwa spidi ileile, moja ni ya watu 14 na nyingine ni basi ya watu 33. Kila gari likipita, ni gari gani limepitisha watu wengi mbele yako? Sahani pia ni hivyo. Data ikisongamana zaidi kwenye mstari, kila mzunguko mmoja unapitisha data mingi zaidi chini ya kichwa. Kwa hivyo diski yenye sahani iliyosongamana inaweza kusoma faili kubwa haraka zaidi, hata kama inazunguka 7,200 sawa na ile ya zamani.

Halafu kuna hesabu ya pili. Sahani chache zinamaanisha vichwa vichache, uzito kidogo wa kuzungusha, joto kidogo, na vitu vichache vya kuharibika.

1TB ileile, sahani tano mpaka moja

Hii si nadharia. Mwaka 2007 Hitachi walitoa diski ya kwanza ya desktop ya 1TB, Deskstar 7K1000. Ndani ilikuwa na sahani tano za 200GB kila moja, na vichwa kumi. Samsung wakaja na Spinpoint F1, 1TB hiyohiyo kwa sahani tatu. Mwaka 2009 Seagate wakafika sahani mbili za 500GB kwenye Barracuda 7200.12. Kufikia 2012 kulikuwa na Barracuda ya 1TB yenye sahani moja pekee, modeli ST1000DM003.

Miaka mitano tu, kutoka sahani tano hadi moja. Kwenye sanduku zote zimeandikwa 1TB.

Kumbuka kuwa soko letu linabeba mitumba mingi. Desktop zinatoka ofisi za ng'ambo, zinavunjwavunjwa, na diski zinauzwa kivyake. Kwa kaunta moja unaweza kupata diski ya sahani tatu na ya sahani moja zimelaliana, na bei ni moja. Muuzaji naye pengine hajui tofauti. Wewe sasa unajua.

Lakini usikimbie kusema sahani nyingi ni mbaya kila wakati. Mwaka 2024 Seagate walitangaza diski za zaidi ya 30TB zenye sahani kumi, na kila sahani inabeba 3TB na zaidi. Hizo ni za data senta na si kitu cha mchezo. Swali la sahani linasaidia ukilinganisha diski mbili za ukubwa uleule.

Mabati yaliyopishana: hapa ndipo watu walichezwa

Watengenezaji walipotaka kusongamanisha data hata zaidi, walipata ujanja mmoja. Data huandikwa kwa mistari kwenye sahani. Kwa njia ya kawaida, inayoitwa CMR, kila mstari unakaa kivyake. Kwa njia ya pili, inayoitwa SMR, mistari inapandiana kama mabati ya paa.

Umewahi kuona fundi akibadilisha bati moja katikati ya paa? Lazima ainue yale yamelalia hilo, aweke jipya, kisha ayarudishe yote. SMR ni hivyo hivyo. Kuandika kitu kipya mahali patupu ni rahisi. Lakini ukibadilisha kitu cha zamani, diski inalazimika kuandika upya na majirani zake.

Ili usione huo msoto, diski imetengewa eneo la akiba ambalo ni la haraka. Unachoandika kinaanzia hapo. Baadaye ukiwa umeiacha itulie, diski inapanga vitu polepole nyuma ya pazia. Ukikopi kidogo, kila kitu kiko fiti. Ukikopi mingi bila kupumzika, eneo linajaa na spidi inaanguka kama ndege imekatika bawa.

Sasa sikiza hii. Aprili 2020, tovuti ya Blocks & Files ilifichua kwamba Western Digital walikuwa wameingiza SMR kwenye baadhi ya diski zao za WD Red za 2TB hadi 6TB bila kuwaambia wanunuzi. Diski za Red zilikuwa zinauzwa kwa ajili ya NAS, yaani lile boksi la diski kadhaa zinazolindana: moja ikifa unaweka nyingine, na data inajengwa upya kutoka kwa zilizobaki. Hiyo kazi ya kujenga upya ni kuandika bila kupumzika, kitu ambacho SMR haipendi hata kidogo.

Kelele zikawa nyingi. Seagate na Toshiba pia walikubali kuwa baadhi ya diski zao zina SMR bila hilo kuandikwa wazi. Western Digital wakatoa orodha, wakabadilisha majina ili zile za CMR ziitwe Red Plus, na Marekani wakashtakiwa na wanunuzi.

Kwa nini rivyu nyingi hazikuona?

Hapa ndipo penye somo. Tovuti ya ServeTheHome iliichukua WD Red ya 4TB yenye SMR, modeli WD40EFAX, ikaipima. Kwenye vipimo vifupi vya kawaida, vile vya dakika chache ambavyo kila mtu huweka kwa video, diski ilionekana sawa tu. Halafu wakaiweka kazini: wakaifanya ijenge upya data ndani ya mfumo wa diski kadhaa. Diski za CMR zilimaliza kazi hiyo chini ya siku moja. Hii ya SMR ilichukua zaidi ya siku 9.

Diski ni ileile. Mwenye aliipima dakika kumi alisema ni poa. Mwenye aliipima kwa kazi yake halisi alisema ni noma. Wote wawili hawakudanganya, lakini ni mmoja tu aliyekusaidia.

Rivyu nyingi unazopata TikTok na YouTube ziko kwa kundi la kwanza. Jamaa anafungua boksi, anasifu rangi, anachomeka, anakopi movie moja ya 2GB, anakuonyesha namba kubwa, kisha link iko hapo chini. Movie ya 2GB inaishia kwa eneo la akiba. Hajapima sahani, amepima kibarazani.

Kuna shida nyingine. Kampuni inaweza kutuma bidhaa safi kwa wapimaji, halafu miezi baadaye ikabadilisha vitu vya ndani bila kubadilisha jina. Hata SSD, ambazo hazina sahani kabisa, hazijaponea. Mwaka 2021 iligunduliwa kuwa Crucial P2 ilikuwa imebadilishiwa aina ya chipu ikawa ya polepole, na mwaka huohuo WD Blue SN550 ikapatikana na mambo kama hayo. Rivyu za mwanzo zilikuwa za kweli siku zilipoandikwa. Ni bidhaa ilibadilika.

Na kuna kitu ambacho hakuna rivyu ya wiki moja inaweza kukuonyesha: diski itaishi miaka mingapi. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayohifadhi data za watu, hutoa hadharani takwimu za diski zake zinavyokufa. Waliwahi kuandika kuhusu Seagate ya 3TB, modeli ST3000DM001, yenye sahani tatu za 1TB. Kufikia Machi 2015, ni asilimia 10 tu ya zile walizoweka mwaka 2012 zilizokuwa bado kazini. Kweli, mazingira yao ni ya kazi ngumu na si kama ya kwako nyumbani. Lakini hesabu ya maelfu ya diski kwa miaka mitatu ina uzito kuliko jamaa mmoja na diski moja aliyoifungua asubuhi.

Rivyu ya maana inakupa nini?

Kabla uamini mtu, angalia kama amekupa hivi vitu:

1. Modeli kamili. Si "WD ya 4TB". Ni WD40EFAX ama WD40EFRX. Hiyo herufi moja, A ama R, ilikuwa tofauti ya SMR na CMR. Na usikariri herufi pekee: WD80EFAX ya 8TB ina herufi zilezile lakini ni CMR. Angalia kila modeli kivyake.

2. Aina ya uandishi. Kama hajataja CMR ama SMR, hajafika ndani ya diski.

3. Kipimo kirefu. Amekopi GB ngapi bila kusimama? Spidi ya mwisho ilikuwa ngapi, si ya mwanzo tu?

4. Kazi inayofanana na yako. Diski ya kuweka movie si diski ya CCTV.

5. Nani alilipa. Alinunua mwenyewe ama alipewa? Kupewa si dhambi, kuficha ndiyo shida.

6. Ubaya wake. Rivyu ambayo haina hata neno moja baya ni tangazo.

Wewe unahitaji gani?

Kama una movie shop ama unaweka mixi za kucheza kwa nganya, wewe unaandika mara moja na kusoma mara mia. SMR inaweza kukutosha na itakuokolea doh. Kama una-edit video moja kwa moja kutoka kwa diski, tafuta CMR, ama uhariri kwa SSD na diski ibaki ya kuhifadhi.

Kama ni kamera za ploti, hapo kuna kuandika mchana na usiku bila kulala. Kuna diski zimetengenezwa kwa hiyo kazi, kama WD Purple na Seagate SkyHawk. Fundi akikuwekea diski yoyote aliyotoa kwa desktop kuukuu, siku mwizi atakuja ndiyo utagundua kuwa haikuwa inarekodi.

Kitu kingine kuhusu zile za kubeba mfukoni: kwa baadhi yake, tundu la USB limeunganishwa moja kwa moja kwa ubao wa diski. Likivunjika huwezi kutoa diski uichomeke kwa kompyuta nyingine kirahisi. Usiizungushe ikining'inia kwa waya.

Jipimie mwenyewe, usingoje mtu

Muulize muuzaji kama unaweza kuichomeka kwa laptopu kabla ya kulipa. Muuzaji mzuri hana shida na hiyo.

Kwanza, soma modeli kwenye stika na u-google hapo hapo. Watengenezaji sasa wana kurasa zinazoonyesha ni zipi SMR na ni zipi CMR.

Pili, fungua programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo. Angalia saa ambazo diski imewaka. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hivyo diski "mpya" yenye saa 20,000 imewaka zaidi ya miaka miwili bila kuzimwa. Angalia pia mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu za sahani zilizoharibika ama zinazoshukiwa. Kama namba ghafi hapo si sifuri, achana nayo.

Lakini jua kuwa hata hizo saa zinaweza kurudishwa sifuri. Mapema 2025, wanunuzi Ulaya waligundua diski za Seagate zilizouzwa kama mpya huku zimetumika maelfu ya saa, na rekodi ya kawaida ilikuwa imefutwa. Kilichofichua ni rekodi nyingine ya ndani inayoitwa FARM, ambayo unaweza kuisoma kwa programu ya bure ya smartmontools. Kama diski ni Seagate, linganisha rekodi zote mbili. Zikipingana, toka hapo.

Tatu, ukifika nyumbani kopi 200GB mfululizo. Kwa spidi ya MB 100 kwa sekunde, hiyo ni kama dakika 33. Diski ya CMR itapungua spidi polepole inavyojaa. Ya SMR inaweza kuanguka ghafla. Ukiona hivyo, umejua una nini mkononi.

Nne, usishtuke Windows ikikuonyesha 931GB kwa diski ya 1TB. Hapo hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa kumi kumi na Windows inahesabu kwa njia ya kompyuta. Lakini ukiona flashi ya 2TB ama SSD ya 16TB inauzwa kwa soo kadhaa, huo ni uongo mtupu. Nyingi ni kadi ndogo ya memori imefundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa wake. Programu ya H2testw itaiumbua: inaijaza yote, kisha inasoma kama kilichoandikwa bado kipo.

Ukichezwa, kuna mahali pa kwenda

Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari unazohitaji ili ufaidike nayo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inakataza muuzaji kusema kitu ni kipya wakati kimetumika. Weka risiti iliyoandikwa modeli na serial namba ya diski, si "hard disk moja" tu. Weka na meseji ya M-Pesa. Malalamiko unaweza kupeleka kwa Mamlaka ya Ushindani, na kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza kesi za hadi shilingi milioni moja.

Lakini hakuna mahakama itakurudishia picha za harusi ya mtu zilizopotea. Hata upate diski ya sahani moja, CMR, mpya kabisa, bado siku moja itakufa. Ama stima itapotea katikati ya kukopi, ama itaanguka ukishuka Kayole Junction. Kazi inayokulisha iweke mahali pawili, na hizo sehemu mbili zisilale nyumba moja.

Kwa hivyo Jumamosi ukishuka Luthuli, usianze na bei. Igeuze diski, soma modeli, na umuulize muuzaji: "Buda, hii ni CMR ama SMR?" Akijua, kaa hapo mwongee bei. Asipojua, simu yako ina bundles.